Bila Kupitia kwa Wifi

Simu yangu ndiyo iliyonitukana kwanza. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja ndani ya kiatu, nikifungua orodha ya mitandao iliyo karibu kama nilivyofanya kila asubuhi. Pale juu kabisa, mahali ambapo siku zote palisomeka jina la ukoo wetu, palikuwa na maneno mengine: WA KUAZIMA HAWANA HAYA. Pembeni yake palikuwa na kufuli dogo, maana yake nywila nayo ilikuwa imebadilishwa.

Wifi yangu, mke wa kaka, hakuwa mtu wa kugonga mlango akakwambia linalomkera. Kazi yake ni ushereheshaji. Analipwa kusimama mbele ya watu na kipaza sauti na kumsifia kila aliyeketi ukumbini, na akirudi nyumbani maneno matamu yamekwisha, yamebaki haya. Nikavaa kiatu cha pili. Kisha nikaiwasha simu yangu irushe mtandao wake yenyewe, nikaupa jina KELELE ZA CHURA, nikaenda kazini. Methali hiyo mtaa mzima unaujua mwisho wake.

Niseme wazi mapema. Nilimchukia mwanamke yule, na chuki yenyewe ilinipa bidii ambayo mapenzi hayajawahi kunipa.

Ukuta ulikuwa umetangulia. Nyumba ya baba ni ndefu, vyumba vimefuatana, na zamani korido moja iliikata tangu mlango wa barabarani hadi uani. Baba alipofariki mimi nilibaki na vyumba viwili vya mbele, kaka na mkewe wakachukua vya katikati pamoja na jiko, na mama akakataa kuhama chumba chake cha nyuma. "Mimi si kabati," alisema, "la kusogezwa kila mtu akitaka kufagia." Kaka ni dereva wa malori ya masafa marefu, na tulimwona kwa nadra kama mwezi mwandamo siku za mawingu. Kwa hiyo nyumba ilibaki ya wanawake watatu.

Ugomvi ulianza na spika. Wifi alikuwa na desturi ya kufanya mazoezi koridoni, kwa kuwa sauti ilivuma vizuri pale. Watu hawajanawa uso, unasikia: "Mheshimiwa mgeni rasmi, wazazi wa pande zote mbili, itifaki imezingatiwa!" Nikamwambia kwamba itifaki ingezingatiwa zaidi kama angewaacha watu walale. Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. Haikupita wiki, niliondoka asubuhi kukiwa na korido, nikarudi jioni kukiwa na ukuta. Matofali matupu, hayajapigwa lipu, saruji bado mbichi. Niliweka kidole, kikaacha alama, na alama hiyo ipo mpaka leo.

Nilimpigia kaka. Lori lilikuwa linanguruma nyuma yake. "Hayo ni ya mawifi," alisema. "Msiniingize."

Tangu siku hiyo, kumwona mama kulikuwa safari. Natoka barabarani, nakunja kona, napita kichochoroni kati ya nyumba yetu na ya jirani, naingilia uani. Na mama akiita, sauti yake inaishia kwenye jiko la wifi.

Siku aliyoteleza, aliita. Wifi alikuwa ndani, spika ikiimba. Mimi nilikuwa dukani mtaa wa pili, ambako kazi yangu ni kukata vioo vya miwani na kuvikalisha kwenye fremu. Nilipozunguka mchana kumpelekea chakula nilimkuta mama sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, kanga ameikunja vizuri magotini kana kwamba amekaa barazani. Simu yake ilikuwa mezani ikichajiwa. Alikuwa anaiona muda wote na haifikii. Mfupa haukuvunjika, lakini miguu yake haikuaminika tena.

"Ulikuwa ndani," nilimwambia wifi uani.

"Na wewe ndiye uliyetoka tumboni mwake," alinijibu.

Kaka safari hii hakusema ni ya mawifi. Alitupigia wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akatupa maneno yaleyale: akirudi akute njia ya kumsikia mama saa zote, la sivyo anampeleka kwa shangazi. Mama alikuwa amekaa chumba kile tangu alipoletwa bibi harusi. Nilipomwambia hakubisha wala hakulia. Aligeukia ukutani, akaanza kuupapasa kwa kiganja, polepole, na hapo nikajua kwamba kumhamisha kungekuwa kumzika.

Mimi nina ugonjwa wangu mmoja: napenda kuvipa vitu akili. Pazia la dirisha langu hujifungua jua likichomoza. Tangi langu la maji hunipigia kelele likikaribia kuisha. Jioni nikitoka kazini nakaa na waya, kifaa cha kulehemu na kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, na hakuna anayenijibu jeuri. Kumbe ugonjwa umepata kazi. Mama atavaa kifungo shingoni, akibonyeza, kengele ilie kwangu, na nikiwa dukani inifikie kwenye simu. Kompyuta nilishaipa laini yake ya simu. Kilichobaki ni swali moja tu: habari itoke vipi chumba cha nyuma ifike cha mbele?

Wifi alikuwa na jibu lake, akalituma kwa mdomo wa mama. "Anasema mfunge kengele ya mtandao. Anasema kisanduku chake cha mtandao kipo, kina nguvu, nyote mtaipata kwenye simu zenu."

Mama alikuwa ameshika boksi la kengele ambalo wifi alimletea. Akalisogeza kwenye mwanga, akaitengeneza miwani niliyomkatia mwenyewe, akasoma herufi moja moja. "W, i, f, i." Akaniangalia. "Mbona imeandikwa wifi?"

"Inasomwa waifai, mama."

"Imeandikwa wifi. Inasema inahitaji wifi ili ifanye kazi." Akacheka mpaka akakohoa. "Watu wa kiwandani wanaijua nyumba hii."

Sikucheka. Boksi lilikuwa limesema kweli tupu. Kila kitu kingepita kwa wifi, kwa maana zote mbili. Pumzi ya mama ingepitia kwenye kisanduku cha mtu ambaye akichukia hubadilisha nywila, ambaye jana tu alinitangaza mtaa mzima kuwa sina haya. Lila na fila havitangamani. Nilimwambia mama amrudishie mwenyewe boksi lake.

Ningenunua kisanduku changu? Nilinunua. Baba alijenga kwa matofali ya kulala, kuta nene kama za boma, na mtandao wangu ulipiga hatua mpaka kwenye ule ukuta mpya, ukachungulia upande wa pili, ukazimia. Bluetooth ni ya watu waliokaa meza moja. Nikajaribu kengele ya bei rahisi, ya redio ya kawaida, ile ambayo kifungo kinapiga kelele hewani na mwenye sikio asikie. Ilifika vizuri. Tatizo, geti la jirani, la kufunguliwa kwa rimoti, lilikuwa linatumia lugha hiyohiyo, na kila akitoa gari kengele yangu inalia. Nilikimbia kichochoroni na sabuni usoni, mama akaniuliza nimefukuzwa na nani.

Jioni nyingi nilikaa chumbani kwake nikisoma. "Unachagua nini siku zote hizi?" aliniuliza.

"Itifaki, mama. Namna ambayo vifaa vinasikilizana."

"Itifaki ni mapatano."

"Ndiyo hiyohiyo."

"Mapatano ya nani na nani," alisema, "katika nyumba hii?"

Nilichagua Zigbee. Hizi ni redio ndogo, dhaifu moja moja, ila zina adabu ambayo binadamu tumeikosa. Hazipigi kelele ziende mbali. Kila moja humnong'oneza wa karibu yake, naye humnong'oneza wa karibu yake, hadi habari ifike. Kifungo chenye betri husema tu kisha hulala. Wanaopokezana ni wale wenye umeme, kwa mfano balbu. Haihitaji kisanduku cha mtu wala nywila ya mtu. Nilipoielewa vizuri nilisema kwa sauti, peke yangu, nikiutazama ukuta: bila kupitia kwa wifi.

Nikanunua balbu tatu za aina hiyo, nikazitambulisha zote kwa kompyuta yangu. Moja nikaifunga juu ya kitanda cha mama, moja chumbani kwangu, ya tatu nikaiacha kabatini kwa mama iwe ya akiba. Nikaongeza na jibu: mama akibonyeza mara moja asubuhi, kengele yangu inalia kidogo, nami nikigusa kitufe changu, balbu yake inapepesa. Tuliiita shikamoo na marahaba, ila kwa kinyume, kwa kuwa mkubwa ndiye aliyeanza. Mama aliona hilo ni kichekesho kisichochuja.

Mwanzoni ilinitia aibu. Leo inafika, kesho haifiki. Umbali ulikuwa mkubwa, na nyumba ya wifi katikati ilikuwa bonde lisilo na mtu wa kupokea. Nikashuku kisanduku chake, maana mitandao yote miwili hugombania hewa ileile. Jumamosi moja nikahamisha wangu, nikaupeleka kwenye chaneli ya mbali na yake, kama mtu anayehama kiti msibani ili asikae na asiyempenda. Wiki hiyohiyo kengele ikatulia. Kila asubuhi shikamoo, kila asubuhi marahaba, haikosi. Nilijipongeza. Nilimsimulia muuza fremu dukani mpaka akaniomba tubadilishe mazungumzo.

Kaka akaja, akabonyeza kifungo mwenyewe, akasikia kengele upande wa mbele, akabonyeza tena. "Haya," alisema. "Mama habanduki." Alikunywa chai mbili, kwangu moja na kwa mkewe moja, akaondoka. Nilimwambia mbele ya wifi, nikiyatamka vizuri: "Na haikupita kwa mtu."

Wifi alikuwa anasonga nywele zake. Hakuinua kichwa.

Ushindi ukinipata huwa sijui kunyamaza. Nikipita kichochoroni nilikuwa naona taa ya jikoni kwake haizimwi usiku, inawaka hata mchana kweupe, nikapata pa kutia mdomo. Jirani alikuwa akianika nguo. Nikamwambia, sauti ya kuvuka dirisha: "Wengine wanawasha taa mchana, sijui jua limewakosea nini." Jirani akacheka kwa adabu. Dirishani mkono ukatokea, ukafikia swichi ya ukutani, tap. Taa ikazimika. Niliendelea na safari yangu nimefurahi kama niliyelipwa.

Asubuhi iliyofuata kengele haikulia.

Nilisubiri. Nilisugua meno, nikasubiri. Kisha nikatoka mbio, nikakunja kona, bega likakwaruza ukuta wa kichochoro. Mama alikuwa amekaa kitandani mzima, amekasirika. "Nimebonyeza mpaka kidole kinauma," alisema. "Nimekusalimia kama mkopeshaji, na wewe kimya."

Nilikaa sakafuni, mahali palepale nilipomkuta siku ile. Kisha nilirudi kwangu nikafungua kompyuta. Ina ukurasa unaochora nani anampokea nani. Wa jana ulikuwa bado umehifadhiwa. Kifungo cha mama kilikuwa kinaunganishwa na balbu ya mama. Kutoka balbu ya mama mstari haukuja kwangu. Ulipita kwenye balbu nyingine, na hiyo ndiyo iliyokuwa inaongea na yangu. Balbu ya tatu, ya kabatini. Leo haikuwepo kabisa.

Nilizunguka tena. Kabati lilikuwa na kanga, dawa, na boksi tupu la balbu.

"Nilimpa wifi yako," mama alisema. "Ya jikoni kwake iliungua. Ningemwacha apike gizani?"

"Lini?"

"Siku nyingi. Ile wiki uliyokuwa unahamahama."

Nilimwangalia mama. Yeye aliangalia kucha zake. "Taa ni taa," alisema.

Nikaelewa yote kwa mpigo mmoja, na sikuyapenda. Si chaneli yangu iliyoiponya kengele. Ilikuwa ni jiko la wifi. Majuma yote yale niliyotamba, kila shikamoo ya mama ilikuwa inaingia kwa adui yangu, inapokewa juu ya sufuria zake, inakabidhiwa kwangu. Na kidole kimoja kwenye swichi yake kingetosha kumrudisha mama sakafuni. Ningeweza kununua balbu nyingine. Ningeifunga wapi? Njia yote ya katikati ni yake.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu," mama alisema.

"Sitaubusu."

"Basi ushike tu. Lakini nenda."

Nilibisha mlango wa jikoni, mara ya kwanza tangu ukuta. Wifi alifungua nusu, akabaki ameshika kitasa cha mlango. Nilimweleza kwa maneno machache kadiri nilivyoweza: balbu, swichi, mama. Nilimwambia taa ile isizimwe ukutani, mchana wala usiku. Nilizungumza nikimwangalia sikio.

Nilitegemea kipaza sauti, nilitegemea mtaa mzima usikie. Alisema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo inapita kwangu."

"Inapita."

"Sema yote."

"Nimeshasema."

"Ulimwambia mume wangu haipiti kwa mtu. Mbele yangu, nikisonga nywele zangu. Sema inapita kwa nani."

Nyuma yake niliona swichi, jiko, spika imefunikwa kitambaa. Nilifikiria kumtukana. Nilikuwa na matusi mazuri niliyoyatunza muda mrefu. Nikafikiria kiganja cha mama kinavyopapasa ukuta.

"Inapita kwa wifi," nilisema.

Akafungua mlango wote. Hakunikaribisha. Alienda kwenye droo, akatoa utepe mweusi anaofungia nyaya za spika, akawasha taa, akaufunika ule mdomo wa swichi kwa utepe, mkanda juu ya mkanda, mpaka hakuna kidole ambacho kingeweza kuifikia. Kisha akanigeukia.

"Itifaki imezingatiwa," alisema, akafunga mlango.

Jioni ile nilipofungua simu, orodha ya mitandao ilikuwa na jina jipya juu kabisa, herufi kubwa, mtaa mzima usome: INAPITA KWANGU. Sikumjibu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ilikuwa kweli.

Hatukupatana. Watu wakisikia kisa hiki hupenda nifike hapo nao watabasamu, na mimi siwapi. Maji ya kufulia aliendelea kuyamwaga kwenye njia yangu. Mimi niliendelea kupiga ukuta kwa kiatu spika ikizidi. Lakini taa ya jikoni haikuzimika tena. Iliwaka mvua, iliwaka jua, iliwaka siku alizosafiri kusherehesha mbali, na mama alikaa chumbani mwake mpaka mwisho, asubuhi kwa asubuhi akinisalimia kupitia kwa mtu nisiyemsalimia. Alikufa usingizini, kifungo kikiwa shingoni, bila kukihitaji.

Baada ya matanga sikukizima chochote. Nilijiambia nitafanya wiki ijayo. Kompyuta iliendelea kuchora mistari yake, kwa mama, kwa wifi, kwangu, na taa ile iliendelea kuwaka dirishani mchana, na wala sikusema neno kwa jirani.

Halafu asubuhi moja kengele ikalia.

Mara moja, kidogo, kama alivyokuwa akifanya. Nilikuwa na mswaki mdomoni. Sijui niliuweka wapi. Nilizunguka kichochoro, na kabla sijafika uani hofu ilishageuka hasira, kwa kuwa nilijua ni nani pekee aliyebaki wa kuingia chumba kile, na nilikuwa nimeshapanga la kumwambia.

Wifi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha mama. Ameacha viatu mlangoni. Kifungo kilikuwa kiganjani mwake, kamba ikining'inia kati ya vidole, na macho yake yalikuwa yameinuka kwenye balbu.

"Haikujibu," alisema, bila kuniangalia. "Mama alikuwa akibonyeza, taa inajibu. Nilikuwa naiona kila siku kupitia mlangoni. Mimi nimebonyeza, haikujibu."

Yale niliyoyapanga yalikuwa bado mdomoni. Nikatoka. Nikazunguka tena kichochoro chote, nikakunja kona, nikapita barabarani, nikaingia kwangu, nikakigusa kitufe.